Kumtafutia Zuleha Sakafu

Watu waliokimbia Bujumbura mwaka ule walibeba magodoro, vyerehani na masufuria. Binti yangu Zuleha alibeba ubao wa magurudumu.

Ubao huo wa kusimamia na kuteleza aliletewa na baba yake. Sefu alikuwa dereva kwenye shule ya wageni. Familia moja ilipohama, mtoto wao aliuacha, naye Sefu akauleta nyumbani, mtaa wa Buyenzi, kwa mzaha. Zuleha hakuona mzaha wowote. Alijifunza mwenyewe, akianguka mbele ya mtaa mzima, mpaka vijana wa kiume waliokuwa wanamcheka wakaanza kumwomba zamu. Risasi zilipoanza tuliondoka sisi wawili. Sefu alibaki kulinda nyumba. Nyumba bado ipo.

Kagunga, kijiji cha kwanza baada ya kuvuka mpaka, tulipolala ufukweni na maelfu ya wenzetu tukisubiri meli, huku watu wanakufa kwa kuhara, nilimwambia autupe ziwani. Tulikuwa na begi moja na ndoo moja, na yeye kabeba mchezo. Aliukalia.

Meli ilitushusha Kigoma, tukapelekwa uwanja wa mpira kusubiri mabasi ya kambini. Mimi sikutaka kambi. Niliwahi kukaa kambini nikiwa msichana, miaka ya tisini. Niliingia nikiwa na akili ya darasani, nikatoka najua kusubiri tu. Ilinichukua muda mrefu kurudi shule na kupata diploma yangu ya ujenzi, na niliapa kwamba mtoto wangu hatapanga foleni ya unga. Hilo ndilo lilikuwa lengo langu, na sikuwa na lingine.

Wanawake wa mjini walikuwa wakituletea chakula pale uwanjani. Siku ya pili nikamwona shangazi yangu, Bi Asia wa Ujiji, kaleta masufuria ya wali pamoja na majirani zake. Hatukukumbatiana. Nilimkonyeza, akaelewa. Walipomaliza kugawa, kila mwanamke alijitwika sufuria lake tupu na kutoka. Mimi na Zuleha tulijitwika mawili ya shangazi, khanga zimefungwa kama zao, tukatoka nao. Ubao Zuleha aliufunga mgongoni kwa mbeleko kama mtoto mchanga.

"Asanteni sana, mama zangu," askari wa getini akatuambia. "Mungu awalipe."

"Amina, baba," shangazi akajibu.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Ujiji. Shangazi alitupeleka kwa balozi wa nyumba kumi kama desturi inavyotaka, akasema sisi ni mtoto na mjukuu wa kaka yake tuliotoka Bangwe, hapohapo Kigoma. Balozi alitutazama, akamtazama shangazi, akasema karibuni. Alijua. Nusu ya Ujiji ina ndugu Buyenzi na nusu ya Buyenzi ilizaliwa Ujiji. Sura zetu hazikuwa tatizo. Kiswahili chetu kilihitaji kurekebishwa kidogo tu.

Tatizo lilikuwa ubao.

Nyumba ya shangazi iko kwenye mchanga. Mtaa mzima ni mchanga, na pasipo na mchanga pana mashimo. Zuleha alikaa kibarazani wiki baada ya wiki, ubao mapajani, anazungusha magurudumu kwa kidole. Hakula vizuri. Usiku alishtuka akimwita baba yake. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimpa dawa ya minyoo, nikampa kazi ya kuchota maji, nikamgombeza. Hakuna kilichosaidia. Siku moja shangazi alimtuma ofisi moja ya Mwanga, Kigoma mjini, akakuta veranda ya saruji iliyo wazi. Alicheza pale mpaka mlinzi akamfukuza. Alirudi jasho linamtiririka, akala sahani mbili, akalala mpaka asubuhi.

"Basi dawa imeshajulikana," shangazi akasema. "Mtafutie."

"Nimtafutie nini?"

"Sakafu. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Ndiyo. Diploma yenyewe ilikuwa chini ya sanduku, maana imeandikwa ilikotolewa, lakini mikono ilikuja nayo. Nilipata kibarua kwa mkandarasi mmoja wa Kalinzi anayeitwa Oswald, mtu mnene, mwenye kelele, asiyeuliza maswali anapomwona fundi mzuri. Wengine walijenga kuta. Mimi nilimaliza sakafu: kumwaga zege, kulisawazisha, kupiga niru, ule uji laini wa saruji wa juu, mpaka ing'ae. Kwa hiyo nilijua kila sakafu nzuri ya Kigoma na vijiji vyake, na zipi ni za kudanganya macho.

Tulianza na kituo cha mafuta. Eneo lile limesakafiwa vizuri, lina mwinamo kidogo wa kutolea maji, na Jumapili asubuhi magari ni machache. Zuleha alizunguka pampu mara mbili tatu, akaruka, akatua. Vijana wa bodaboda wakaanza kupiga miluzi.

"Oya, sista! Rudia hiyo!"

Akatoka muuza mafuta, kitambaa begani. "Mama, hapa tunauza dizeli. Sarakasi iko wapi kwenye kibao chetu?"

"Anacheza tu, kijana. Hakuna gari."

"Naona anacheza. Ila kumradhi, huyu binti ni wa wapi? Wa kwetu hawana haya mambo."

Niliita bajaji tukaondoka. Alikuwa ameuliza kwa wema tu, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Tukajaribu gati la kupokelea samaki kule Kibirizi. Sakafu ya pale ni ya zege nzito, lakini ina utelezi wa samaki usiotoka hata kwa sabuni. Zuleha alianguka akapasua nyusi. Wanawake wa dagaa wakamzunguka, mmoja akamkandamiza jeraha kwa upindo wa khanga yake.

"Pole, mwanangu. Umekwaruzwa na kitu gani hiki?" Akaupindua ubao. "Hiki si kigari cha kubebea ndoo?"

"Ni mchezo, mama," Zuleha akasema.

"Mchezo! Na damu yote hii? Nyumbani kwenu wapi, nikupeleke?"

Swali ni lile lile. Hilo ndilo jiwe nililokuwa nikijikwaa kila mahali. Mtu aliyeona msichana anaruka juu ya ubao lazima aulize ametoka wapi, kama ambavyo ungemwuliza mtu anayetembea na twiga. Na palipo na sakafu nzuri pana mwenyewe, pana mlinzi, pana mtu mwenye haki ya kuuliza. Mchanga ndio hauna mwenyewe.

Uwanja wa kikapu wa shule moja ulikuwa umepasuka vipande. Jukwaa la stesheni ni zuri sana, lakini lina askari. Uwanja wa mpira Zuleha aliutaja mara moja tu. "Kule nyuma ya jukwaa pana saruji safi, mama, niliiona tulipokuwa pale." Nilimwambia asiutaje tena.

Asubuhi ya Idi nilimpeleka soko la Mwanga. Maduka yalikuwa yamefungwa, na njia ya mafundi cherehani, iliyosakafiwa, haikuwa na hata paka. Zuleha alivaa gauni jipya la Idi juu ya suruali. Nilikaa kwenye ngazi nikamwangalia. Sijui mengi ya mchezo ule, lakini najua kazi inayofanywa vizuri ninapoiona. Alikuwa anakwenda kasi, anageuka pale ambapo mimi ningeanguka, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesoma.

Kumbe palikuwa na mtu. Fundi mmoja wa nguo, kijana aliyevaa kanzu, alikuwa amekuja kuchukua nguo ya mteja. Alisimama kinywa wazi, kisha akatoa simu.

"Mashallah! Binti wa nani huyu?"

"Wa Ujiji," nikasema, nikasimama.

"Ujiji ya nani? Nyumba ipi?"

Mtu wa Ujiji hawezi kukuachia hapo. Atataka nyumba, atataka bibi, atataka bibi alizikwa wapi, mpaka akupate kwenye ukoo wake mwenyewe. Nilitaja jina la shangazi, maana jina la uongo angelijua palepale.

"Ah! Bi Asia! Mbona Bi Asia hana mjukuu wa rika hili?"

"Unahesabu wajukuu wa watu siku ya Idi? Huna pilau kwenu?"

Akacheka, lakini simu hakuishusha. Jioni picha ya Zuleha ilikuwa kwenye simu za Mwanga yote. Chini yake vijana walikuwa wameandika: *Dada wa Buja noma sana.* Hakuna aliyewaambia tumetoka Bujumbura. Waliona tu.

Balozi alikuja kwa shangazi kesho yake. Alikunywa chai, akala maandazi, akazungumzia bei ya mawese. Wakati wa kuaga ndipo akasema, akiangalia viatu vyake, "Bi Asia, yule mgeni wako wa Bangwe apunguze kuruka."

Nilimpeleka mbali. Oswald alikuwa na kazi kwao Kalinzi, ghala la kahawa la mfanyabiashara mmoja. Sakafu ya zamani ilikuwa imeoza. Nilimwaga upya, nikapiga niru. Mavuno yalikuwa bado, ghala tupu, na mwenyewe yuko mjini. Nilimleta Zuleha awe saidia fundi, achote maji ya kumwagilia zege. Zege lilipokomaa nikamwambia, "Haya. Cheza."

Kalinzi kuna baridi na ukungu, na watu wake wana haraka zao za mashambani. Akina mama walipita na vikapu, wakachungulia mlangoni, wakacheka.

"Mwakeye! Huyo anakimbizwa na nani?"

Walisalimia na kuuliza kwa Kiha, Zuleha akawajibu kwa Kirundi, maana lugha zile zimekaribiana kiasi kwamba mtu akifurahi husahau yuko upande upi wa mpaka. Wakaendelea kutaniana. Nilisikia anacheka, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Buyenzi. Kikongwe mmoja akaingia, akamletea ndizi za kuchoma, akamshika mashavu.

"Mtoto wa Burundi," akasema kwa Kiswahili, akidhani mimi sijui Kiha. "Karibu. Sisi ni wamoja. Mama yangu alitoka hukohuko."

Alimaanisha. Hakukuwa na ubaya moyoni mwake. Akaenda akawaambia wenzake kwamba ghalani kuna mtoto wa Burundi anayeruka kama panzi, njooni mwone. Wakaja. Waliokuja kesho yake walikuwa na watoto. Waliokuja siku iliyofuata walikuwa na mgambo wa kijiji, naye Oswald ikabidi azungumze naye pembeni, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu.

"Mama Zuleha," akaniambia tukirudi kwenye gari, "sikuulizi kitu. Sijawahi kukuuliza."

"Ndiyo, bosi."

"Basi nisaidie nisije nikaulizwa mimi."

Mwezi ule serikali za mitaa zikatangaza kwamba wageni wote waliotoroka utaratibu warudi kambini. Ujiji na Mwanga mgambo walipita nyumba kwa nyumba. Shangazi alitulaza kwa shoga yake, halafu kwa mwingine. Katikati ya hayo Oswald akapata kazi kambini: jengo la kugawia chakula, sakafu kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Akaniambia ananitaka. Nilicheka mpaka akaogopa.

Halafu nikafikiri. Msako ulikuwa mjini. Hakuna anayemtafuta mkimbizi kwenye lori la mkandarasi linaloingia kambini asubuhi na kutoka jioni. Tukalala Kasulu, mji wa karibu na kambi, tukavaa vizibao vya kampuni ya Oswald, tukawa mafundi wa Tanzania. Zuleha nilikuja naye kwa sababu sikuwa na pa kumwacha. Ubao nilimwambia aache Ujiji. Akaniambia ndiyo, mama. Nilikuja kuukuta chini ya mifuko ya saruji.

Siielezei kambi. Atakayetaka kuijua aende. Niseme tu kwamba nilipoingia, miguu yangu ilijua njia za mitaro kabla ya macho yangu, ingawa haikuwa kambi ile ya zamani.

Ile sakafu niliipiga vizuri kuliko yoyote maishani mwangu. Kazi mbovu siiwezi, hata nikijaribu. Zege lilimwagwa kwa mkupuo, likasawazishwa kwa kamba na ubao mrefu, nikapita na mwiko wa chuma nikirudi nyuma kwa magoti, asubuhi mpaka mchana, siku baada ya siku. Tulilifunika kwa magunia, tukalimwagilia likomae bila kupasuka. Tulipofunua, lilikuwa kama maji ya ziwa siku isiyo na upepo. Oswald alivua viatu kabla ya kukanyaga.

Zuleha alisimama ukingoni na ndoo ya maji mkononi. Sakafu nzuri kuliko zote, kutoka ziwani hadi mpaka wa mkoa, ilikuwa pale, na ni mimi niliyeitengeneza.

Siku ya mwisho tulikuwa tunapakia vifaa. Mlinzi wa jengo alikuwa anazungumza na Oswald kuhusu funguo za stoo. Watu walikuwa wanapita kwenda kuchukua kuni. Mwanamke mmoja akasimama, akatua mzigo wake chini.

"Mwamini?"

Niliijua sauti kabla ya kugeuka. Melania alikuwa jirani yetu Buyenzi, ukuta kwa ukuta. Mkaa nilikuwa nanunua kwake. Zuleha alipozaliwa usiku wa mapigano, miaka ile, yeye ndiye aliyempokea.

"Mwamini wa Sefu! Yesu wangu! Umeingia lini? Mko kanda gani? Mbona sijawaona? Na Sefu? Nyumba je, nani yumo? Na yule mtoto..."

Kwetu salamu haikatizwi. Unamwacha mtu aulizie kila aliyemwacha, nawe unajibu mmoja mmoja, na wewe unaulizia wa kwake. Kumkatiza ni kama kumfungia mlango usoni. Melania aliongea kwa furaha yote aliyokuwa nayo, kwa sauti ya mtu anayeuza mkaa, na mlinzi akageuka.

"Umenifananisha, mama," nikasema. "Mimi ni fundi. Natoka Kigoma."

Alinitazama kuanzia kizibao mpaka miguu, akaona mlinzi, akaona lori. Akaelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote angeelewa.

"Ah. Samahani, dada," akasema polepole. "Macho yangu siku hizi. Kuna mtu nilikuwa namjua, mnafanana sana." Akainama kuchukua mzigo wake. Alijaribu mara mbili, akashindwa kuunyanyua.

Zuleha akaweka ndoo chini. Akaenda akamsaidia kuutwika, kisha akapiga goti kidogo mbele yake, barabara, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mama Melania. Ni mimi, Zuleha. Baba hatujui aliko. Nyumba ipo, lakini sijui nani yumo."

Melania alimshika kichwa kwa mikono miwili, akalia, na mzigo ukaanguka tena.

Mlinzi akasogea. "Huyu si saidia fundi wako?" akamwuliza Oswald.

Oswald alinitazama. "Vibarua wengine nilichukua hapahapa," akasema. "Sijui wa wapi na wapi. Mama fundi huyu ndiye wangu." Akapanda kwenye lori, akawasha, akanifungulia mlango wa upande wangu. "Mama, tunaondoka. Mwenye kuondoka apande."

Nilimshika Zuleha mkono, nikamvuta nyuma ya rundo la kokoto.

"Panda gari."

"Sipandi."

"Unajua hapa ni wapi? Unajua watu hukaa hapa muda gani? Nilikutoa uwanjani kwa sufuria kichwani..."

"Najua, mama. Nilikuwepo."

"Basi panda."

"Kule nikicheza wanauliza mimi ni wa wapi. Nikiongea wanauliza. Nikicheka, unanifinya." Alisema bila hasira, na afadhali angesema kwa hasira. "Hapa wote wanajua ni wa wapi. Hakuna wa kuniuliza."

"Kwa sababu ya ubao?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya ubao."

Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Nisingeweza kumbeba. Ningeweza kubaki, na najua mnachofikiri, kwa sababu shangazi naye alikifikiri, akaniambia usoni. Lakini nilipiga hesabu yangu palepale kwenye kokoto. Wote wawili tukiwa ndani, nani ataleta sabuni? Nani ataleta dawa? Nani atakuwa nje kama Sefu atapiga simu? Na juu ya yote hayo, sikuweza. Nilijaribu kujiambia nibaki, mwili ukakataa kama mtu anayeambiwa ameze kilichotapikwa. Nilimpa kizibao changu kwa ajili ya baridi. Nikapanda.

Tulipogeuza lori nilimwona amekwishatoa ubao. Alikuwa katikati ya sakafu yangu, anakwenda. Watoto walitokea kila upande, wanapiga kelele kwa Kirundi, naye akawa anawajibu kwa sauti.

"Hamna nyufa hata moja," Oswald akasema baada ya mwendo. Alitaka kunituliza. Nikamwambia aangalie barabara.

Melania alimwandikisha kama mtoto wa dada yake. Kwa hiyo kambini Zuleha ana mama mkubwa, ana foleni, na ana mahali pa kucheza. Kuta za jengo hazikuwahi kujengwa. Fedha ziliisha, au zilihamishwa, sijui. Sakafu ikabaki wazi chini ya mabati yaliyoezekwa juu ya nguzo. Chakula kinaendelea kugawiwa kwenye mahema kama zamani. Vijana wakaimiliki. Wageni wenye kamera wakaja, wakamkuta binti anafundisha watoto kwa ubao mmoja wanaopokezana, wakapiga picha, wakaguswa. Wakaandika kwao kwamba wamejenga uwanja wa michezo. Mbao nyingine zikaletwa, mpya. Na mwaka uliofuata Oswald akaitwa tena: wanataka vilima viwili vya zege, vyenye mwinamo wa kuteleza, kila upande wa sakafu kimoja.

"Hii kazi ni yako," akaniambia. "Mimi hata sijui kinafananaje."

Na mimi sikujua. Michoro waliyotuma ilikuwa ya mji wenye lami na mchanga uliochekechwa. Nikaambiwa kambini kuna binti anayejua, atanielekeza.

Alikuwa ameongezeka urefu, au amekonda. Alisimama na meneja wa mradi, mgeni kijana mwenye daftari, na mlinzi yuleyule. Meneja aliongea Kiswahili cha kozi.

"Fundi, huyu ni Zuleha. Zuleha, huyu ni fundi. Mnafahamiana?"

Mlinzi alikuwa ananitazama.

"Hapana," Zuleha akasema. "Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba."

Tulifanya kazi siku kadhaa. Nilisuka nondo, nikapinda mabati ya kuzuia zege, yeye akapima mwinamo kwa kupandisha gurudumu moja la ubao kwa mkono, anaangalia linavyorudi. Alikuwa mkali. Alinirudisha mara mbili kwenye ukingo mmoja. Wakati wa chakula alikula na watoto anaowafundisha na mimi nilikula na mafundi. Siku moja Melania alileta chai kwa mafundi wote, akanipa kikombe, akasema, "Karibu, dada," akapita. Sabuni na dawa nilizileta ndani ya mfuko wa saruji, nikauacha pale ambapo angeukuta. Aliukuta.

Jioni ya mwisho nilikuwa kwa magoti, mwiko mkononi, namalizia mguu wa kilima cha pili, pale kinapokutana na sakafu. Hapo ndipo pagumu. Ukiacha hata ukingo mdogo, gurudumu linashika na mtu anaruka kichwa mbele. Zuleha akaja akachuchumaa pembeni yangu. Meneja alikuwa nyuma yake, anapiga picha.

"Panatosha hapa, binti?" nikauliza.

Akapitisha kiganja juu ya niru, taratibu, kutoka kwenye kilima mpaka kwenye sakafu. Alikipitisha karibu sana na mkono wangu.

"Punguza kidogo huku chini, mama fundi," akasema. "Kisha mnaweza kwenda."

Nikapunguza.